Saa Mbili za Kuzamia

Kwa miaka kumi na minne kibanda changu cha vitenge kilipakana na meza ya fundi saa, pale Tunduma, kwenye uchochoro unaotokea barabara ya kwenda mpakani. Kati yetu palikuwa na ubao mmoja tu. Nilimsikia akikohoa, akipuliza vumbi, akiongea na saa za watu kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Kila mtu alimwita Fundi, nami nitamwita hivyohivyo.

Hakujua kuchagua kitu haraka. Akienda kununua nyanya, muuzaji aliweza kuhudumia watu sita yeye akiwa bado ameinama juu ya fungu lilelile.

"Fundi, zote zimetoka shamba moja," aliambiwa.

"Najua. Lakini hazikuiva siku moja."

Marehemu mke wake alinisimulia, huku akicheka mpaka machozi, kwamba Fundi alimchumbia miaka miwili bila kutamka neno. Kila Jumapili alifika kwao, akaketi, akanywa togwa, akaaga. Baba mkwe ndiye aliyechoka, akamuuliza, "Kijana, wewe unakuja kwa ajili ya binti yangu au kwa ajili ya togwa?" Akajibu kwamba alikuwa bado anafikiri aseme kwa maneno gani.

Kazini tabia hiyo ilimpa heshima. Ukimletea saa imesimama, hakuifungua. Aliiweka sikioni, akafumba macho. "Ngoja kwanza niisikilize," ndivyo alivyosema kwa kila mteja, awe mchuuzi wa mahindi au bosi wa malori. Siku moja bwana mmoja mwenye suti alimtupia saa mezani akamwambia anaitaka ndani ya dakika kumi, ana safari ya Lusaka. Fundi akaiokota, akaifuta kwa kitambaa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Basi safari njema, mheshimiwa." Yule bwana alitukana, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, akaketi kwenye benchi, akasubiri kama wengine.

Alikuwa na mteja mmoja mama mtu mzima kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kila Jumatano alifika, akasalimia kwa Kibemba, "Mulishani, ba Fundi," akatoa saa ya marehemu mumewe ndani ya leso. Ilikuwa saa ya zamani ya kujaza kwa mkono. Fundi aliijaza, akairekebisha, akamuuliza habari za wajukuu, wakaongea nusu Kiswahili nusu Kibemba, kisha mama akaondoka. Nikamuuliza Fundi, mbona humfundishi kuijaza mwenyewe, umpunguzie safari? Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

"Anajua, Mama Neema. Mumewe alikuwa akiijaza mbele yake kila asubuhi."

Hakuvaa saa. Watu walimtania kwamba yeye ndiye fundi saa na ndiye anayechelewa ibada kuliko wote, anaingia mahubiri yamefika katikati, ananyata mpaka kiti cha nyuma. Alisema, "Nimezisikia hizi kutwa nzima wiki nzima, halafu Jumapili nijifunge nyingine?" Alichokipenda ni kitabu kimoja kikuukuu cha picha za saa za Ulaya, alichokipata zamani kwa mtalii aliyekwama mpakani. Kurasa zake zilikuwa zimelegea kama matambara. Mchana kukiwa hakuna wateja alikifungua, akanisomea kupitia ubao. Ukurasa aliourudia zaidi ulikuwa wa saa za kuzamia, zile walizotengenezewa watu wanaofanya kazi chini ya bahari.

"Mita mia tatu, Mama Neema. Mita mia tatu chini ya maji, na tone moja haliingii."

"Hapa Tunduma maji yenyewe tunayasubiri na ndoo siku tatu," nilimwambia. "Utazamia wapi?"

Alicheka. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, na kulimfanya aonekane kijana.

Sasa niseme na lile baya, maana nikiliacha nitakuwa nimemchora nusu. Mtu huyu aliyekuwa na subira na kila saa na kila mteja hakuwa na subira na mwanawe. Ezekia alikuwa mtoto wao wa pekee. Mama yake alifariki Ezekia akiwa kidato cha tatu, na alipomaliza shule baba yake alimweka kwenye kigoda kando ya meza ajifunze kazi. Kijana alikuwa mkubwa, mabega mapana, vidole vinene. Alijitahidi. Mimi nilimwona akijitahidi, jasho likimtoka puani kwa kushika kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Lakini mara aliangusha skrubu, mara alipindisha mshale, na kila mara nilisikia upande wa pili wa ubao ile pumzi ndefu ya Fundi iliyokuwa mbaya kuliko tusi.

Siku moja Ezekia alikata utepe wa chuma wa ndani ya saa ya mzee wa kanisa, saa ambayo vipuri vyake havipatikani. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, na watu wengine wawili. Fundi akaushika mkono wa mwanawe, akauinua watu wauone.

"Mikono hii ni ya kuchimba," alisema.

Ezekia aliuvuta mkono wake polepole, akainuka, akanisalimia mimi alipopita, "Shikamoo, mama," kama siku nyingine zote. Kesho yake tukasikia amekwenda Saza, kwenye dhahabu. Amekwenda kuchimba.

Miaka mitatu hawakuongea. Fundi hakulitaja jina lake, na mtu akimuuliza alisema, "Yupo." Lakini alibadilika. Akawa anaongea na zile saa zaidi ya zamani. Simu yake aliiweka mezani, kifudifudi, na kila ilipolia aliigeuza haraka mno kwa mtu wa tabia yake.

Ezekia alirudi mwezi wa kumi na moja, mchana wa jua kali. Nilimwona mimi kwanza. Alikuwa amekonda usoni na kupanuka kifuani, na alivaa viatu vipya. Alipita kwangu akanipa mkono, akaniuliza, "Anaendeleaje?" Nikamwambia nenda mwenyewe ukamwone. Akasimama mbele ya meza kama mteja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilijifanya nakunja vitenge. Ezekia akashusha mkoba begani, akatoa visanduku viwili vizito, akavifungua juu ya kitambaa cheupe alichotandika baba yake mezani.

Nilizunguka ubao nikaona saa mbili. Moja ilikuwa na uso mweusi, mishale minene myeupe, pete ya juu yenye namba inayozunguka kwa mlio wa taratibu. Nyingine uso wake ulikuwa wa bluu iliyokolea, kwa chini imekuwa karibu nyeusi, na kioo chake kilikuwa kimeinuka kidogo kama jicho. Sijui saa, lakini nilijua kwamba vitu vya namna ile havijawahi kukaa kwenye uchochoro wetu.

"Hizi ni za nani?" Fundi aliuliza.

"Zetu."

"Umezipata wapi?"

Ezekia alilitarajia swali hilo. Akatoa karatasi ya mauziano. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamepata mwamba mzuri kwenye duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa anafunga biashara arudi kwao aliziuza, na Ezekia akachukua zote mbili kwa sehemu yake. Wenzake walinunua pikipiki. Walimwona mwendawazimu.

"Kule chini kuna maji, baba. Tunavuta kwa pampu, yanarudi. Saa zote nilizovaa zimekufa. Nikakumbuka ulivyokuwa unasoma." Akavisogeza visanduku. "Chagua moja. Itakayobaki nitavaa mimi. Tutavaa pamoja."

Fundi aliichukua ile nyeusi, akaiweka sikioni. Kisha ya bluu. Akafumba macho. Nilidhani atasema kitu kwa mwanawe, hata jina lake tu. Akasema, "Ngoja kwanza nizisikilize."

Nilitamani kumpiga na kitenge. Lakini Ezekia alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu afike, maana alimjua baba yake. "Haya. Mimi narudi kuwahi zamu. Ukishachagua nipigie, nakuja siku hiyohiyo. Tuvae, tukapige picha studio. Na nikija, sishuki tena shimoni mpaka mvua ziishe. Nimeshawaambia wenzangu."

Jioni hiyohiyo, tukiwa tunafunga, simu ya Fundi ililia.

"Umechagua?" Sauti ya Ezekia ilisikika mpaka kwangu.

"Bado. Nimeanza na nyeusi. Mlio wake ni mzito."

"Na ya bluu?"

"Ya bluu nitaiangalia kesho."

Tangu hapo alipiga kila jioni, zamu ikiisha. Fundi aliweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, nami nikasikia yote. Mwanzo waliongea habari za saa tu. Fundi alimweleza namna kile kifundo cha kujazia kinavyofungwa kama kifuniko cha chupa maji yasipenye. Alimweleza kuhusu mipira miembamba kama unywele iliyo ndani. Ezekia aliuliza maswali ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kigoda na kusikiliza, na nikamwona Fundi akishangaa jinsi kijana alivyokumbuka mengi. Baadaye wakawa wanaongea mengine. Ezekia alimweleza joto la chini, na harufu ya baruti. Alimweleza kuhusu mwenzake anayeimba nyimbo za kwaya shimoni ili asiogope. Siku moja Fundi alimuuliza, "Unakula nini huko?" Ezekia akamtajia kila kitu, mpaka chumvi. Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo tangu mama yake afariki.

Kila simu iliishia palepale. "Sasa baba, umechagua?" Na baba akasema bado, anaisikiliza ya bluu kwenye baridi, anaangalia kama nyeusi inapoteza sekunde.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikamtania. "Fundi, hata Mungu aliumba dunia kwa siku sita." Wiki ya tatu mvua zilianza kunyesha vizuri, matope yakajaa uchochoro, malori yakakwama foleni mpaka Mpemba. Nikamwambia bila utani, "Mchagulie mtoto aje. Huko mashimoni wakati wa mvua si pazuri."

"Nakaribia," alisema.

Habari ilikuja siku ya Ijumaa asubuhi, kwa simu ya mtu tusiyemjua. Maji yalikuwa yamevunja ukuta wa shimo la zamani lililoachwa, yakaingia kwenye duara lao. Wawili walipanda. Ezekia na yule anayeimba kwaya walikuwa chini zaidi.

Tulikwenda sita, watu wa kanisani na mimi, kwenye gari la kukodi kupitia Mbalizi na Mkwajuni. Fundi alikaa mbele, mikono juu ya magoti njia nzima. Tulipofika, watu walikuwa wamesimama kwenye udongo mwekundu kuzunguka shimo lisilo pana kuliko mlango. Maji yalikuwa yametulia ndani yake, yana rangi ya chai ya maziwa. Pampu ilikuwa imezimika tangu alfajiri, na vijana wawili walikuwa wakiivuta kamba ya kuiwashia, wakaivuta tena, wakilia kwa hasira.

Fundi aliwasogeza. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya ibada. Akaitazama ile mashine muda, kisha akaomba bisibisi na kitambaa kisafi. Mimi nilivua mtandio wangu nikampa. Akafungua sehemu inapopita mafuta, akatoa uchafu, akapuliza, akasafisha kitundu kidogo kwa waya aliouchomoa kwenye kalamu yake. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Aliporudisha skrubu ya mwisho akamwambia kijana, "Vuta." Ikawaka.

Ilifanya kazi siku nzima na kesho yake mpaka adhuhuri. Fundi aliketi kando yake muda wote, akiisikiliza, na mlio wake ulipobadilika aliinuka akarekebisha kitu, akakaa tena. Ndiyo iliyomtoa mwanawe. Walipomleta juu alikuwa amefunikwa matope kama mtu aliyefinyangwa, na Fundi alimfuta uso kwa ule mtandio wangu, taratibu, kuanzia kwenye nyusi. Kisha akauchukua mkono wa kulia wa Ezekia, ule mnene, akaushika kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo alipolia. Wanaume wa kwetu hawalii hivyo mbele za watu. Yeye alilia hivyo.

Tulimzika karibu na mama yake. Fundi alirudi mezani baada ya wiki mbili, lakini hakupokea kazi mpya. Alizimaliza zile alizokuwa nazo, akamtafuta kila mwenye saa yake, hata wale waliokuwa wamezisahau miaka mingi, akawapelekea majumbani. Kwa yule mama wa Nakonde alivuka mpaka mwenyewe. Mwisho alikuja kwangu na kile kigoda. "Kitakusaidia kupanga vitenge vya juu," alisema. Akaondoka Tunduma kwenda Isongole, kwa dada yake, akalime.

Wengi walisema aliuza zile saa mbili akapata utajiri. Niliwasikia, nikaendelea kupima vitenge vyangu.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda Isongole kutafuta maharage ya kuuza, maana vitenge siku hizi haviendi peke yake. Nikauliza nyumba ya dada yake, nikaonyeshwa. Kijana wa dukani aliyenielekeza alitabasamu: "Yule babu wa saa mbili? Akili yake imeruka kidogo, lakini ni mtu mzuri."

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amezeeka, mgongo umepinda. Aliponiona alisimama, akasema, "Mama Neema," basi, kama aliyekuwa ananitarajia. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Mkono wa kushoto alivaa ile nyeusi. Mkono wa kulia alivaa ile ya bluu.

Alijua nimeziangalia.

"Hazina betri hizi," alisema. "Zinajijaza zenyewe kwa mkono unavyotembea. Ukiziweka sandukuni, siku mbili zimesimama." Akaendelea kupukuchua. "Kwa hiyo nalima nazo zote."

Dada yake alituletea ndizi za kuchemsha na chai. Tulikula, tukaongea habari za Tunduma, nani amehama, nani amefiwa. Jua lilipoanza kulegea nikasema nitachelewa usafiri, lakini sikuinuka, maana kulikuwa na jambo ambalo nimetembea nalo tangu Saza, na nilijua nisipouliza siku hiyo sitauliza tena.

"Fundi, hukuwahi kuchagua?"

Alisimamisha mikono. Punje chache zilidondoka kwenye ungo.

"Nilichagua siku ileile," alisema. "Kabla hajafika stendi."

"Ipi?"

"Nyeusi. Nilipoiweka sikioni tu nikajua. Na nikajua yeye moyo wake uko kwenye bluu, nilimwona alivyoitoa ya pili, taratibu. Haikuwa na mjadala, Mama Neema. Ilikuwa wazi kabisa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Alichukua muda, kama kawaida yake, lakini safari hii sikudhani anatafuta maneno. Maneno alikuwa nayo zamani.

"Alikuwa ananipigia kila jioni kuniuliza. Miaka mitatu hakunipigia hata mara moja. Nikaona, nikishasema, ataniuliza nini tena?"

Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Alhamisi usiku ule alipiga akiwa amechoka. Nilisikia mvua kwenye bati upande wake. Akaniambia, 'Baba, taja yoyote tu, hata kama si yenyewe, nije nyumbani.'"

Akachukua gunzi jingine.

"Nikamwambia, kesho."